Boti Kuukuu na Umeme Wake: Tafuta Kiungo Kabla ya Kununua Spea

Niliinunua Malindi, ikiwa imelala mchangani karibu mwaka mzima. Futi 22, mbao za mbambakofi, dizeli ya silinda nne katikati, imeundwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wageni wanaovua sulisuli. Aliyeniuzia alinipa neno moja tu: “Stata imechoka, mengine yote mazima.” Akanipunguzia bei kwa ajili ya hiyo stata. Tukaipakia kwenye lori, tukapita Garsen na Witu mpaka Mokowe, tukangoja maji yajae tukaishusha, mashua ikaivuta hadi Lamu.

Nikanunua stata mpya, ile mota inayozungusha injini mpaka iwake. Nikaifunga, nikazungusha ufunguo, injini ikagutuka robo mzunguko ikakwama, vilevile kama ilivyokuwa Malindi.

Ninaandika haya kwa yeyote aliyenunua boti kuukuu na sasa anahesabu pesa za spea. Kwenye boti iliyokaa miaka mingi kwenye chumvi, kitu chenyewe huwa hakijafa: pampu ni nzima, stata ni nzima, taa ni nzima. Kilichokufa ni kiungo, pale waya unapokutana na lagi (kile kichwa cha chuma kwenye ncha ya waya), lagi inapokutana na bolti, bolti inapokutana na chuma. Na kiungo hakionekani kwa macho. Hupimwa.

Namna ya kupima

Unahitaji mita ya kawaida ya kupimia umeme, balbu ya gari ya volti 12 yenye wati 21 iliyofungwa nyaya mbili ndefu, tepu ya karatasi na kalamu. Vyombo vyenyewe ndivyo hivyo.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni kupima waya ukiwa hauna kazi. Waya una nyuzi nyembamba nyingi ndani. Kama una nyuzi 40 na chumvi imekula 39, ule mmoja uliobaki utakuonyesha volti 12.6 kamili kwenye mita, nawe utasema waya ni mzima. Washa taa au pampu, umeme uanze kupita kwa nguvu, kisha upime. Hapo waya mbovu utajitaja. Ndiyo maana ninabeba ile balbu: mahali ambapo mita inasema kuna umeme, ninaunganisha balbu; ikiwaka hafifu, nimeshampata mwizi.

Kabla hujagusa chochote, fungua mifuniko yote upepo uingie. Dizeli haitishi sana, lakini kama boti yako ina injini ya petroli ndani, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutulia kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, na cheche moja ya stata inatosha. Nusa kwanza. Na kwa injini ya petroli iliyo ndani ya boti, usifunge stata wala altaneta (ile inayochaji betri) ya gari hata kama inaingia vizuri. Zile za boti zimezibwa ili cheche zisitoke nje.

Ufunguo unazunguka, kimya kabisa

Pima betri ikiwa imepumzika saa chache. 12.6 hadi 12.8 imejaa. 12.2 ni kama nusu. Chini ya 11.9 usiendelee na uchunguzi, ichaji kwanza, maana betri tupu itakudanganya katika kila kipimo.

Betri ikiwa nzima, washa taa ya ndani uiangalie huku mwenzako anazungusha ufunguo. Taa ikizimika au ikififia kabisa, tatizo liko kwenye njia nene: vichwa vya betri, swichi kuu, nyaya za stata. Taa ikibaki na mwanga wake uleule, amri haifiki kwenye solenoidi, ile swichi ya umeme inayowasha stata: angalia ufunguo wenyewe kwa nyuma, fyuzi yake, na ile swichi ndogo kwenye mkono wa gia inayozuia injini kuwaka ikiwa ndani ya gia. Kwangu, swichi hii ilikuwa imefungwa kwa tepu nyeusi na mtu aliyechoka nayo. Irudishe ifanye kazi. Boti ikiwaka ndani ya gia pale gatini, kati ya watu wanaoshuka na mizigo, mtu anaweza kuvunjika mguu.

Stata inagutuka kisha inakwama

Hili ndilo lililonigharimu stata nzima, basi nitalieleza taratibu.

Stata ya dizeli ndogo hula ampea 150, 200, hata zaidi wakati injini ni baridi. Kwa mkondo mkubwa kiasi hicho, upinzani mdogo sana, ambao kwa taa usingeuona, hugeuka kuwa ukuta. Kwa hiyo unapima volti zinazopotea njiani, na unapima wakati stata inafanya kazi.

Mwenzako anashika ufunguo, wewe unashika mita. Vipimo vinne, sekunde chache kila kimoja, na stata ipumzike kati ya kimoja na kingine isije ikaungua.

Kwanza, juu ya vichwa vya betri vyenyewe, risasi kwa risasi, si juu ya vibano. Yangu ilisoma 11.4. Ingeshuka chini ya 9.6, ningeshuku betri. 11.4 ina maana betri inatoa.

Pili, kwenye bolti ya stata na bodi ya stata: 7.1. Basi volti 4.3 zimepotelea mahali fulani.

Tatu, kutoka kichwa cha chanya cha betri hadi bolti ya stata. Hapa mita inaonyesha kile kinachopotea upande wa chanya: 0.4. Si kizuri sana, lakini si mhalifu.

Nne, kutoka kichwa cha hasi cha betri hadi kwenye chuma cha injini, mahali palipokwaruzwa pakang'aa: 3.9.

0.4 na 3.9 ni 4.3. Hesabu ikafunga. Wakati wote ule watu walikuwa wakishughulika na waya mwekundu, na ugonjwa ulikuwa kwenye waya mweusi ambao hakuna aliyeuangalia.

Nikafuata ule waya kwa mkono, chini ya injini, mahali ambapo ili ufike lazima ulale kifudifudi shavu likiwa juu ya mataruma, zile mbavu za boti. Lagi yake ilikuwa imefungwa chini ya bolti ya mguu wa injini, na mtu, kwa nia njema kabisa, aliipaka injini rangi ya kijivu, lagi na bolti zote pamoja. Nilipoifungua, chini yake palikuwa na duara la kutu na rangi. Na nilipochana ngozi ya waya kwa kisu kuanzia kwenye lagi, unga wa kijani ukamwagika kiganjani. Nikaendelea kuchana nikitafuta shaba nyekundu inayong'aa, nikaikuta baada ya kama shibiri nzima. Chumvi hunywewa na nyuzi za waya kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Inapanda ndani ya ngozi, na kwa nje waya unaonekana mpya.

Nikafunga waya mpya wa milimita 50 za mraba, lagi imebanwa kwa koleo lake, chuma cha injini kimesuguliwa kwa msasa mpaka kimeng'aa, bolti yake yenyewe isiyofanya kazi nyingine, na grisi juu yake baada ya kukaza. Kipimo cha nne kikasoma 0.1. Injini ikazunguka kwa nguvu mpaka ndege wa mikoko wakaruka. Stata ile ya zamani niliyoambiwa imechoka, niliifungua, nikaisafisha, ni nzima hadi leo, nimeiweka akiba.

Basi ukitoka na jambo moja katika maandishi haya, liwe kipimo cha nne.

Injini imewaka, lakini haichaji

Pima betri injini ikizunguka kidogo juu ya silensa, yaani juu kidogo ya mwendo wake wa chini kabisa. Unataka kati ya 13.8 na 14.4. Ukiona 12.5 na inazidi kushuka, haichaji. Ukiona zaidi ya 14.8, regyuleta, ile inayozuia chaji isizidi, imeacha kazi na betri itachemka. Utanusa kitu kama yai viza.

Kabla hujafungua altaneta, weka ufunguo bila kuwasha injini na uangalie taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi. Katika altaneta nyingi za zamani, taa hiyo si ya kukuarifu tu. Umeme mdogo unaopita ndani ya balbu hiyo ndio unaoiamsha altaneta ianze kazi. Balbu ikiungua, altaneta inalala. Kwangu taa haikuwaka. Nikabadilisha balbu ya wati 2.2, nikawasha injini, 14.1. Balbu tu.

Kama taa inawaka na haizimiki injini ikishika kasi, angalia mkanda: ukiubonyeza kwa kidole gumba kati ya puli mbili ukazama zaidi ya sentimita moja hivi, umelegea. Kisha pima kati ya bolti ya nyuma ya altaneta na chanya cha betri, taa zote zikiwa zimewashwa. Zaidi ya nusu volti, kiungo tena.

Na kamwe usitoe kichwa cha betri wala kuzima swichi kuu injini ikiwa inazunguka ili “kupima kama inachaji”. Nimeona mafundi wa pikipiki wakifanya hivyo. Volti hupanda ghafla na dayodi za altaneta huungua papo hapo, na hapo ndipo utakuwa na altaneta mbovu kwelikweli.

Jioni betri imejaa, asubuhi imekufa

Zima kila kitu. Toa waya wa hasi kwenye betri, weka mita ya ampea katikati. Ukiona 0.5, kuna mlaji. Nusu ampea ni ampea-saa 12 kwa siku, na betri ya 60 imekwisha kwa siku tano. Chomoa fyuzi moja baada ya nyingine hadi mita ishuke. Fyuzi iliyoishusha ndiyo njia ya kufuata.

Kwenye boti, mlaji wa kwanza ni pampu ya ngama. Kiboya chake hukwama kwa mafuta na vumbi la mbao, pampu inazunguka kavu usiku kucha. Ampea tatu kwa saa kumi, thelathini zimekwenda. Inua kiboya kwa kidole, kiachie, kirudi chenyewe.

Pampu ina ugonjwa mwingine ambao hupoteza watu muda. Inazunguka, unaisikia, lakini maji yanatoka kidogokidogo kama bomba la msikitini wakati wa ukame. Mara nyingi chanya na hasi zimegeuzwa. Pampu hizi za duara hukubali kuzunguka kinyumenyume na bado husukuma maji kidogo, kwa hiyo hakuna anayeshuku. Badilisha nyaya mbili, uone.

Pampu ya kiboya ifungwe moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi yake, isipitie swichi kuu. Wengine hawakubaliani nami kwa sababu ya ule mlaji. Lakini boti ya mbao huvuja, hasa baada ya kukaa juu kavu na mbao kusinyaa, na wewe uko nyumbani Langoni umelala. Bora betri ife kuliko boti ilale chini.

Fyuzi inakatika ukipiga mawimbi

Ukiwa umetulia ndani ya mlango wa Lamu hakuna tatizo. Ukitoka nje ya Shela wakati wa kusi, fyuzi ya taa inakatika. Waya unasugua. Tafuta mahali unapopita kwenye tundu la taruma bila mpira, au chini ya chuma cha sitaha. Usiweke fyuzi kubwa zaidi. Fyuzi inalinda waya, na waya ukiwa moto ndani ya mbao zilizokunywa sifa (mafuta ya papa) na mafuta mengine miaka hamsini, hakuna atakayeuzima. Badala ya fyuzi, funga ile balbu ya wati 21 kwa muda. Balbu ikiwaka kwa nguvu kuna shoti. Tikisa nyaya hatua kwa hatua, na utakapotikisa mahali penyewe, balbu itapepesa.

Ukishafika hapo, angalia na taa zenyewe: nyekundu kushoto, kijani kulia, na kwa boti ya chini ya mita 12 inaruhusiwa taa moja nyeupe inayoonekana pande zote badala ya ile ya mlingoti na ya tezi (nyuma). Usiku kwenye mlango wa bahari wa Mkanda, anayekuja mbele yako anakujua kwa hizo peke yake.

Mishale ya dashibodi inacheza

Ukiwasha taa, mshale wa mafuta unapanda. Ukiwasha redio, joto la injini linashuka. Geji zako ziko sawa. Zinashiriki hasi moja nyembamba na vitu vingine. Funga kipande cha shaba nyuma ya dashibodi, kila hasi iwe na skrubu yake, na waya mmoja wa milimita 10 za mraba kutoka hapo hadi hasi kuu. Mishale hutulia siku hiyohiyo.

Zinki inakwisha upesi, na mbao zinalainika

Hili ni baya kuliko yote, kwa kuwa halizimi chochote. Boti inawaka, inakwenda, huku inaliwa chini.

Wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, tuliipandisha ufukweni kupaka rangi, ikabaki juu ya magogo maji yalipokupwa. Zinki ya shafti, kile kipande kinachofungwa ili kiliwe badala ya vyuma vya boti, niliyoifunga wiki sita tu kabla ilikuwa imebaki kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa. Ndani, kuzunguka bolti za vali ya bronzi, palikuwa na ukungu mweupe kama chumvi. Fundi mmoja mzee wa Matondoni, ambaye ameunda mashua tangu mimi sijazaliwa, akachukua msumari akausukuma kwa kidole kwenye mbao kando ya bolti. Ukaingia.

“Mwanangu,” akasema, “hii si fukusi. Fukusi ana matundu. Hii ni kama muhogo uliochemka.”

Alikuwa sahihi. Zinki ikifanya kazi kupita kiasi, huzalisha magadi makali kwenye chuma inachokilinda, na magadi hayo huyeyusha kile kinachoshikamanisha nyuzi za mbao. Sababu zilikuwa mbili. Mwenye boti wa zamani alikuwa amefunga zinki kubwa mno na kuunganisha kila bronzi kwa waya, akidhani nyingi ndiyo kinga. Na waya wa chanya wa pampu ulikuwa na kiungo cha tepu kilicholala ndani ya maji ya ngama, umeme ukivuja mchana na usiku kwenda baharini kupitia vali. Chuma ambacho umeme unatokea kuingia majini ndicho kinacholiwa.

Kiungo nikakiondoa, waya mpya mzima ukapita juu bila kuungwa mahali popote chini ya kiwango cha maji. Zinki nikapunguza. Mbao nikaosha kwa siki na maji matamu mara kadhaa kutuliza yale magadi, na mzee akatoa kipande kilichooza akaingiza cha mbambakofi kipya, kalafati ya pamba ya kuziba nafasi za mbao, na sifa. Ukiona ukungu mweupe kama ule kwenye boti unayotaka kununua, chukua msumari.

Ukifunga nyaya mpya

Using'oe zote kwa mpigo. Andika kila waya kwa tepu ya karatasi, chora, badilisha njia moja, ijaribu, kisha inayofuata. Ukifunga waya mpya kufuata njia ileile mbovu, ndani ya ngama ileile, umenunua ugonjwa uleule kwa bei ya leo.

Waya wa nyumba, ule wa uzi mmoja mnene unaouzwa kila duka la vifaa, haufai. Mtikisiko wa injini huukata ndani ya ngozi. Unataka wa nyuzi nyingi nyembamba, na ukiweza zilizopakwa bati, zinazong'aa kama fedha ukiukata. Mimi niliagiza Mombasa, ukaja kwa basi hadi Mokowe. Ni ghali karibu mara mbili. Lipa.

Kwa unene: taa ya wati 25 inakula ampea mbili, ikiwa omo (mbele ya boti), mita 6 kutoka kwenye swichi, umeme unakwenda na kurudi mita 12, na waya wa milimita 1.5 za mraba utapoteza kama volti 0.28. Hiyo ni chini ya asilimia 3, kiwango kinachokubalika kwa taa na pampu. Watu husahau ile safari ya kurudi, wakafunga waya mwembamba, taa ikawa na rangi ya kibatari.

Lagi zibanwe kwa koleo la kubania, si kwa plaisi, si kwa nyundo. Kulehemu kwa risasi peke yake sipendi: waya unakuwa mgumu pale risasi inapoishia na unakatikia hapohapo. Bana, vuta kwa nguvu zako, kisha ziba kwa mpira unaosinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Tepu nyeusi iache nyumbani. Joto la hapa linayeyusha gundi yake kwa msimu mmoja, na inabaki ikishika maji ya chumvi mahali ulipotaka pakavu. Na kila waya wa chanya unaotoka kwenye betri, ukiacha wa stata, uwe na fyuzi ndani ya sentimita 18 kutoka betri.

Kusi imepita moja tangu nimalize. Kila mwezi, maji yakiwa mafu na boti imetulia, ninalala kifudifudi juu ya mataruma, mwanangu anashika ufunguo, ninapima kati ya hasi ya betri na chuma cha injini. Juzi ilikuwa 0.1.